Msiing'oe Direla

Kuanzia njia panda ya Kikorongo, wilayani Kasese, Uganda, hadi Bwera, na ukivuka Mpondwe mpaka Kasindi upande wa Kongo, mafundi baiskeli wamepitisha hukumu moja isiyo na rufaa. Baiskeli kuukuu ya gia ikiharibika direla, yaani ule mkono unaoning'inia chini ya ekseli ya nyuma na kuuhamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine, basi mkono ung'olewe, waya utupwe, mnyororo ukatwe uwe mfupi, na baiskeli iende na gia moja mpaka mwisho wa uhai wake. Wateja nao wameridhia. Muulize mwenye baiskeli, atakwambia gia ni mapambo ya Wazungu, spea zake hazipatikani, vumbi la huku linaziua, na zaidi ya yote hazistahimili mzigo. Dawa ya jino bovu ni kung'oa, husema, na kazi huisha kabla chai haijapoa.

Naipinga hukumu hii yote. Katika hoja zake hakuna hata moja inayosimama, na ile inayotajwa kuliko zote, ya spea, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukweli uko kinyume chake: kadiri baiskeli ilivyo kuukuu, ndivyo direla ya kubadilisha inavyoingia kwa urahisi.

Kwanza niwatoe wasiwasi wenye baiskeli za Hero. Sina ugomvi na baiskeli nyeusi ya chuma iliyoundwa tangu kiwandani kuwa na sproketi moja nyuma. Imebeba chumvi ya Katwe, samaki wa Kahendero na ndizi za milimani kwa miaka mingi, na ikiharibika kila mtu anajua pa kugonga. Ninayoitetea ni ile nyingine, inayofika kwa mitumba ikiwa imefungwa juu ya basi: Peugeot, Raleigh na binamu zao wa miaka ya 1970 na 1980, fremu nyembamba ya chuma, sproketi mbili mbele na tano au sita nyuma. Hiyo iliundwa iwe na gia. Ukiing'oa gia hupati Hero; unapata baiskeli ya gia iliyokatwa mkono.

Sasa spea. Fundi mmoja wa njia panda, kijana hodari sana wa kunyoosha rimu, aliwahi kuniambia, "Mzee, hii gia ni ya zamani, mimi hata sijazaliwa. Spea ya mwaka huo utaitoa wapi?" Nikamuuliza nati aliyoishika mkononi ilikuwa ya mwaka gani. Akacheka, akaendelea kutafuta mahali pa kukata mnyororo. Swali lake linabeba imani iliyoenea hata kwa watu waliosoma: kwamba direla ni kama ufunguo, na kila fremu ina wake. Imani hiyo ina ukweli kwa baiskeli za leo. Wenzo wa kisasa wa gia una ngazi ndani yake. Kila ukibofya, unavuta waya kiasi maalumu, na direla isiyolingana na kiasi hicho itauacha mnyororo katikati ya sproketi mbili ukilia. Ndiyo maana direla za Shimano na SRAM mara nyingi hazisikilizani. Lakini ngazi hizo zilienea baada ya Shimano kuleta mfumo wake wa SIS katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo wenzo, ule mdogo wa chuma uliofungwa kwenye bomba la chini la fremu, ulishikiliwa na msuguano tu. Mpandaji aliuvuta mpaka asikie mnyororo umetulia, akauachia. Wenzo wa namna hiyo haujui sproketi ziko ngapi, wala direla imetoka Japani au Ufaransa, wala ni ya mwaka gani. Unavuta waya, basi. Mwenye baiskeli ya mwaka 1975 ana uhuru ambao mwenye baiskeli ya mwaka 2020 hana.

Na hata ile tamaa ya kupata direla ya asili, inayofanana kabisa na iliyovunjika, mara nyingi ni tamaa mbaya. Mapema miaka ya 1960 kampuni ya Simplex ya Ufaransa ilianza kuunda direla kwa plastiki iitwayo Delrin. Zilikuwa nyepesi na za bei nafuu, zikafungwa kwenye Peugeot nyingi sana. Plastiki hiyo ikizeeka hupasuka, na ndiyo sababu Peugeot nyingi zinazofika huku hufika mkono wake umekufa. Kuhangaika kutafuta Simplex ili kuziba pengo la Simplex ni kununua ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Kwa upande mwingine, mwaka 1964 kampuni ya SunTour ya Japani ilibuni direla yenye umbo la mshazari, ambayo kigurudumu chake cha juu hufuata mteremko wa sproketi badala ya kusogea kwa usawa. Haki za ubunifu huo zilipoisha miaka ya 1980, wenzake wote wakauchukua. Matokeo yake ni haya: direla ya bei ya chini kabisa ya miaka hii, ile Shimano Tourney iliyo kwenye kila baiskeli ya mtoto yenye maandishi makubwa ubavuni, hubadilisha gia vizuri kuliko mikono mingi ya Ulaya iliyouzwa kwa fahari miaka ya 1970.

Na hizo baiskeli za watoto zimejaa. Fremu zake huvunjika mapema, maana chuma chake ni duni, na mabaki yake hulala nyuma ya vibanda vya mafundi walewale wanaosema spea hakuna. Spea imetundikwa kwenye mzoga, hatua tatu kutoka kwenye benchi.

Labda fundi atasema fremu ya zamani haina mahali pa kuifunga. Tuiangalie. Karibu na ekseli, upande wa kulia, fremu nyingi za gia zina sikio la chuma lenye tundu la nyuzi. Nyuzi za kawaida ni za bolti ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1. Fremu za Kiitalia zina nyuzi 26 kwa inchi, ambazo zinakaribiana sana na hizo hata bolti ileile huingia bila ugomvi. Fremu za bei nafuu hazina sikio kabisa. Hizo ndizo Tourney iliziwazia: kuna aina yake inayokuja na kipande chake cha chuma, kinachobanwa chini ya nati ya ekseli. Fremu za Kifaransa zilizotobolewa bila nyuzi nazo hupokea kipande hichohicho. Sijaona fremu ya barabarani iliyokataa vyote viwili.

Kinachohitaji akili ni sikio lililopinda, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au ikilazwa vibaya juu ya basi, sikio huingia ndani kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Direla yoyote utakayoifunga hapo itasumbua, na fundi atasema, "Si nilikwambia?" Dawa yake iko kibandani. Ekseli ya gurudumu la nyuma la baiskeli nyingi za gia ina nyuzi zilezile za milimita 10 kwa 1. Chukua gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, likaze kwa ncha ya ekseli yake ndani ya tundu la sikio, ukiwa umeacha gurudumu la baiskeli yenyewe mahali pake. Sasa una magurudumu mawili sambamba. Pima pengo kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Mahali ambapo pengo limekuwa dogo, vuta taratibu mpaka pande zote zilingane. Chuma cha fremu za zamani kinakubali kunyooshwa hivyo; aluminiamu ya leo ni rahisi kukatika. Hii nayo ni faida ya ukuukuu ambayo hakuna anayeitaja.

Kisha ning'iniza direla, waya ukiwa bado haujafungwa. Mnyororo uwe kwenye sproketi ndogo kabisa. Kuna skrubu mbili ndogo zilizokaa pamoja, na mafundi wengi huziogopa kama waya za umeme. Ya kwanza huzuia direla isitoke nje kupita sproketi ndogo: izungushe mpaka kigurudumu cha juu kikae wima chini ya sproketi hiyo. Kisha sukuma direla kwa mkono mpaka sproketi kubwa, na kwa skrubu ya pili uizuie isiende ndani zaidi, kwenye spoku. Skrubu hii ya pili ndiyo inayookoa gurudumu. Ikiachwa wazi, siku moja kwenye mlima mnyororo utaingia kati ya spoku na sproketi, na utatembea kwa miguu. Baada ya hapo sukuma wenzo mbele mpaka mwisho, nyoosha waya, ubane. Urefu wa mnyororo unapimwa hivi: upitishe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye direla, kisha ongeza pingili mbili. Usiukate kabla ya kupima. Ndiyo kazi yote. Kinachohitajika ni bisibisi, spana mbili na kipande cha kutolea pini ya mnyororo, ambacho fundi anacho tayari, maana ndicho anachotumia kuukatia.

Kuna hesabu moja tu ya kufanya kabla ya kuchagua mkono. Chukua meno ya sproketi kubwa ya mbele utoe ya ndogo, na ya nyuma vivyo hivyo, ujumlishe. Baiskeli yenye 52 na 42 mbele, na 14 hadi 28 nyuma, inadai 10 na 14, jumla 24. Huo ndio ulegevu wa mnyororo ambao direla inapaswa kuumeza. Mkono mrefu wa baiskeli ya mlimani humeza zaidi ya 30 bila taabu.

Nije kwenye hoja ya mzigo, ambayo watu huitamka kwa uhakika mkubwa kuliko zote. Wanasema mkono mwembamba kama ule hauwezi kuvumilia mitungi minne ya maji ya lita 20. Waiangalie baiskeli ikienda. Unapokanyaga, upande wa mnyororo unaovuta ni wa juu, unaotoka kwenye sproketi ya nyuma kwenda mbele. Direla iko upande wa chini, ambako mnyororo unarudi ukiwa mlegevu. Haivuti chochote. Uwe umebeba kilo 80 za maji au umebeba kofia yako tu, direla haioni tofauti. Inafanya kazi dhidi ya springi yake mwenyewe. Mzigo wako unabebwa na rimu, spoku, ekseli na kerieri, na vitu hivyo havibadiliki hata kidogo ukiing'oa gia.

Zaidi ya hapo, gia inaupunguzia mnyororo kazi. Ukipanda mlima uleule na mzigo uleule, gurudumu linadai nguvu ileile. Lakini nguvu hiyo ikipitia sproketi yenye meno 28 badala ya 18, mnyororo unavutwa kwa kiasi kisichofika theluthi mbili cha kile cha mwanzo. Hivyo wanaokata gia ili kuuokoa mnyororo wanaupeleka kuvunjika. Nao huvunjika: waone vijana wanaopanda kutoka Kinyamaseke kuelekea Kisinga na Kyarumba, wakisimama kwenye pedali kwa uzito wa mwili mzima mpaka pingili inaachia.

Kuna baya jingine ambalo fundi halisemi, pengine kwa sababu mteja huwa ameshaondoka. Baiskeli iliyong'olewa direla hubaki na ngazi yake ya sproketi tano nyuma, na mnyororo hupitishwa kwenye mojawapo ya katikati. Sproketi hizo ziliundwa kurahisisha mnyororo kuhama. Bila direla ya kuushika, na mstari wake ukiwa haujanyooka, mnyororo hupanda wenyewe kwenye sproketi kubwa ya jirani. Lakini ulikatwa kwa kipimo cha ndogo. Unakaza kama kamba ya turubai, unaivuta ekseli upande, unaipinda au unaisogeza mpaka tairi inasugua fremu. Mwenye baiskeli anarudi kwa fundi na kulipa tena. Na ikiwa fremu ni ya kizazi cha baadaye, ambacho nafasi ya ekseli iko wima na gurudumu haliwezi kusogezwa nyuma, hata kuukaza mnyororo vizuri haiwezekani. Mnyororo utadondoka kila penye shimo. Kurahisisha baiskeli gani huku?

Hoja ya vumbi naipa heshima kidogo, kwa kuwa vumbi lipo. Ila kinachoua direla zetu kwa kawaida ni mafuta machafu ya injini ambayo watu huyamwaga kwenye mnyororo wakidhani wanaulainisha. Mafuta hayo mazito hukamata mchanga na kugeuka msasa unaotafuna kila jino. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, sugua vile vigurudumu viwili kwa mswaki uliochakaa, tia tone la mafuta mepesi kwenye kila pingili, futa tena. Na ukiilaza baiskeli chini, ilaze kwa upande wa kushoto.

Imebaki ile dharau kwamba gia ni starehe ya Wazungu. Inachekesha, kwa sababu Wazungu walishawahi kuitoa dharau hiyohiyo dhidi yao wenyewe. Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya Tour de France mwaka 1903, aliamini kuwa gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwamba mwanamume wa kweli hushinda kwa misuli. Chini ya utawala wake wapandaji walipofika mguuni mwa mlima walishuka, wakaligeuza gurudumu la nyuma lililokuwa na sproketi kila upande, wakaendelea. Direla ziliruhusiwa mwaka 1937, yeye akiwa ameshaachia usukani kwa ugonjwa, na mwaka huo huo Roger Lapébie akashinda akiwa nayo. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kugeuza gurudumu. Hoja ya uanaume ilikufa huko. Imekuja kuzikwa Kikorongo?

Na tazama hata upande wa wanaoziundia Afrika baiskeli. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005, lilijijengea jina kwa baiskeli yake ya Buffalo, nzito na ya gia moja, kwa imani kwamba kijijini gia ni usumbufu. Miaka ikapita, wapandaji wakaendelea kusukuma kwenye milima, na shirika lenyewe hatimaye likatoa Buffalo ya gia mbili, yenye minyororo miwili, inayobadilishwa kwa kukanyaga kinyumenyume. Walikwepa direla, ni kweli, na wana sababu zao za kiwandani. Lakini waliokuwa mawakili wakubwa wa gia moja wamekiri kuwa gia moja haitoshi.

Wilaya ya Kasese haina haja ya kusubiri mtu akiri. Inaanzia kwenye uwanda wa Bonde la Ufa, mita 900 na kitu juu ya bahari, na kupandia kwenye Rwenzori ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Kuna sehemu chache duniani ambako mtu anaweza kuanza safari kwenye tambarare ya lami na kabla ya adhuhuri akawa anasukuma baiskeli kwenye ukuta. Kwa gurudumu la inchi 27, sproketi ya 42 mbele na 14 nyuma hukusogeza karibu mita 6 na nusu kila mzunguko wa pedali. Kwa 28 nyuma, mita 3 na kidogo. Ile ya gia moja, tuseme 18, inakupa mita 5: nyingi mno kwa mlima, chache mno kwa lami. Na lami ya Kikorongo inapita katika hifadhi ya wanyamapori. Jioni tembo huvuka barabara bila kupiga honi, na sijakutana na mtu aliyewaona kwa karibu akasema gia ya kasi ni pambo.

Linaloniudhi hasa ni kwamba mji wa Kasese si mji wa watu wasiojua vyuma. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ule ulichimbwa mpaka 1982. Baba na babu za mafundi wetu walitunza mitambo ya kuponda mawe na winchi za kuvuta mabehewa. Wajukuu wanaambiwa skrubu mbili zimewashinda, na wao wanakubali. Hazijawashinda. Wamezoea kazi ya haraka, na sisi wateja tumezoea kuilipia.

Kwa hiyo neno langu ni kwako mwenye baiskeli kuliko kwa fundi. Kabla hajashika chombo chochote, mwambie mnyororo haukatwi. Mwonyeshe mzoga wa baiskeli ya mtoto ulio nyuma ya kibanda chake, mwulize bei ya direla yake, na umlipe muda wa kunyoosha sikio kwa ukamilifu, maana ndio ufundi wenyewe. Akikataa, sukuma baiskeli yako mpaka kibanda kinachofuata. Kuelekea Bwera vipo vingi.